Mahakama Haitoi Viza, Hulinda Sheria



Leo twataka kusema juu ya mtu aliyekimbia kwao kwa kuhofia roho yake, akafika Australia, akaomba viza ya hifadhi, akanyimwa. Je, mambo yake yamekwisha? Hayajakwisha. Lakini njia iliyobaki ni nyembamba, na yafaa ijulikane.

Kwanza ombi huamuliwa na afisa kwa niaba ya Waziri, chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1958. Afisa akikataa, kwa kawaida mwombaji hupeleka shauri lake kwenye Baraza la Mapitio, lililoanza kazi Oktoba 2024 badala ya baraza la zamani. Hapo habari yake hupimwa upya: anamwogopa nani, na kwa nini hawezi kurudi kwao.

Baraza nalo likikataa, ndipo mtu huenda mahakamani. Hapo jaji haulizi, "Huyu ni mkimbizi kweli?" Huuliza, "Je, Baraza lilifuata sheria?" Kama Baraza halikumpa nafasi ya haki ya kujieleza, au liliacha dai lake kubwa bila kulitazama, au liliielewa sheria vibaya, jaji aweza kuutangua uamuzi. Lakini viza hatoi. Shauri hurudi Barazani, nalo laweza kukataa tena. Tena mwombaji akishindwa kesi, aweza kuamriwa kulipa gharama za Serikali.

Wako watakaosema: mlango mwembamba hivyo una faida gani? Twawajibu kwamba Serikali yenyewe iliuogopa. Mwaka 2001 Bunge la Australia lilitunga kifungu cha kusema kuwa maamuzi hayo ni ya mwisho, yasihojiwe kortini. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ikajibu kwamba Katiba, katika kifungu cha 75, imeipa uwezo wa kumzuia afisa wa Serikali aliyevuka mipaka ya sheria, na Bunge haliwezi kuuondoa uwezo huo kwa sheria ya kawaida. Aliyeleta kesi hiyo alikuwa mwomba hifadhi, mtu asiye na kura hata moja!

Hapo pana fundisho kwetu tuliopigania kujitawala. Haitoshi Serikali kuwa ya wananchi. Lazima iwe chini ya sheria, hata mbele ya mgeni mnyonge. Leo afisa akiachiwa kumwonea mgeni, kesho atamwonea mwenyeji.

Basi, mwenye ndugu Australia amwambie hivi: aseme yote mapema, mbele ya afisa na mbele ya Baraza, kwani kortini si mahali pa kuanza kusimulia. Aitunze kila barua na kuitazama tarehe yake. Amtafute mwanasheria upesi. Siku za kwenda kortini ni 35 tangu uamuzi kutolewa, na jaji haongezi siku bila sababu ya kutosha. Ngoja ngoja huumiza matumbo.