Kunasa Wimbo wa Noeli kwa Litungu

Somo la leo ni la wanakwaya wa Sirari na vijiji vya jirani wanaotaka kunasa upya wimbo wa Noeli unaojulikana na wengi kwa jina la "Usiku Mtakatifu", na badala ya kinanda watumie litungu la Wakuria.

Najua neno la kwanza utakaloambiwa na baadhi ya wazee wa kanisa: "Chombo hicho ni cha pombe na ngoma." Usiwajibu kwa ukali. Waeleze habari za wimbo wenyewe. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1816 na padre kijana wa Austria, Joseph Mohr. Tarehe 24 Desemba 1818, huko Oberndorf, alimpa mwalimu wa shule, Franz Gruber, naye akayatungia sauti siku ile ile. Usiku wake wakauimba wao wawili kwa gitaa, kwaya ikirudia mwisho. Kinanda hakikuwamo! Basi tangu kuzaliwa kwake huu ni wimbo wa nyuzi. Na kama wazee hao ni Wakatoliki, wakumbushe kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikubali vyombo vingine viingie katika ibada, mradi vifae na wakuu wa kanisa waidhinishe.

Sasa tushike kazi. Litungu lina nyuzi nane. Wimbo huu washuka mpaka do na kupanda mpaka fa ya juu, yaani ngazi 11. Waona mwenyewe kwamba hesabu haipatani. Kwa hiyo usimlazimishe mpigaji kuwafuata waimbaji hatua kwa hatua. Mpe mzunguko mfupi wa mapigo sita, aurudie chini ya sauti zao. Kwaya nayo ishike sauti kutoka kwenye litungu, maana mpigaji hukaza nyuzi kwa sikio lake, na kinanda kikilia pamoja naye vitagombana. Ile fa ya juu huja mara moja tu katika kila ubeti. Ikiwa yawapasua akina mama koo, mpigaji na alegeze nyuzi zote kidogo.

Lakini liko jambo linaloharibu wimbo huu kuliko chombo chochote, nalo ni mkazo wa maneno. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema u-SI-ku. Sauti ya Gruber yaanza kwa pigo zito tena refu, basi waimbaji hulazimika kusema "UUU-siku", na neno lapotea. Tumezoea hata hatusikii tena. Dawa yake ni nyepesi: ongeza noti moja fupi kabla ya pigo la kwanza, "u" iwe juu yake, na "si" ipate pigo zito. Pitia beti zote hivyo, kalamu mkononi, ukisema maneno kwanza bila kuyaimba.

Siku ya kunasa sauti, kumbuka mvua za vuli. Bati likipigwa na mvua hakuna mashine itakayowasaidia. Na malori ya mpakani mnayajua. Chagueni saa ambayo barabara imetulia, tundikeni mablanketi ukutani ili sauti isirudi, litungu likae karibu na kipaza sauti, kwaya isimame nyuma yake hatua tatu au nne.

Mohr alikufa mwaka 1848 na Gruber mwaka 1863, hivyo sauti na maneno ya Kijerumani hayana mwenye kudai. Tafsiri ya Kiswahili iliyo kitabuni mwenu huenda inaye. Waulizeni wachapaji kabla ya kuuza.

Tena, msilipe studio kwanza. Naseni ubeti mmoja kwa simu, mwapelekee wale wazee, mketi nao wausikilize mpaka mwisho.