Pensheni si sadaka



Kwenye ofisi na shule zetu kuko wazee wenye wamepita miaka 65 na wangali wanatumika. Si kwamba wanatukatalia nafasi. Wanaogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa miaka mingi pensheni yao haikukuwa na mufuko wake, ilingojea tu bajeti ya Kinshasa. CNSSAP ilianzishwa 2015. Tangu M23 ikamate Goma, Januari 2025, banki zikafunga, na pesa kidogo yenye inatoka inaliwa na njia.

Muji nao unangojea vilevile. Katiba ya 2006, artikle 175, inasema 40% ya mapato ya taifa ibaki kwa provensi. Hata mbele ya vita haikuheshimiwa.

Kwa hiyo hii si habari ya wazee peke yao: mzee asipotoka, kijana haingie. Tunadai serikali ilipe kila mwenye amefikisha umri, na malipo yamufikie hapa alipo.

Na wewe, leo jioni uliza baba ao mama yako: namba yake ya matrikile na barua ya kuingia kazi ziko wapi? Muzichunge pamoja.