Keki isiyohitaji moto

Mama wa Tandika au Mwananyamala asiye na oveni hudhani keki ya mwanawe ni lazima inunuliwe. Sivyo. Nchini Chile wapo wanaoitengeneza bila moto.

Chukua kopo moja la maziwa mazito matamu, koroga na nusu kikombe cha maji ya ndimu. Uchachu huyafanya yawe mazito zaidi. Panga biskuti kwenye bakuli, paka maziwa, panga tena, tabaka juu ya tabaka. Omba nafasi kwa jirani auzaye barafu, ilale kwenye friji hadi asubuhi. Biskuti hulainika, kisu hupita. Umeme ukikatika, friji isifunguliwe ovyo.

Mkaa umebaki guniani, na mtoto kapata sherehe yake.