Sheria ya Mtandao Inamlinda Nani? Maneno Yangu kwa Vijana wa Kilosa na Mikumi

(Nilizungumza haya kwenye kikao cha vijana mjini Mikumi. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 

Nimeitwa kama mwalimu wa sheria. Kazi yangu ni kutafiti sheria za mtandao na madhara yanayowapata watu humo: kutapeliwa, kudhalilishwa, kuvujishiwa picha. Leo nina swali moja tu. Mtu wa kawaida wa Kilosa akiumizwa mtandaoni, sheria inamsaidia?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge Aprili 2015, ikaanza kutumika Septemba 1, 2015, chini ya miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu. Ni uchaguzi uleule ambao watu wa Mikumi mlimpeleka Profesa Jay bungeni kwa tiketi ya upinzani.

Kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Shikeni hilo neno "isiyopungua". Bodaboda wa hapa stendi anaipata wapi milioni 5? Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa faini ya milioni 7 au jela miaka 3 kwa maneno aliyoandika Facebook kuhusu Rais.

Tuseme haki: kifungu kinataka ithibitishwe kwamba ulijua taarifa ni ya uongo, na ulikuwa na nia kama ya kukashifu, kutukana au kupotosha umma. Lakini kutukana ni nini? Profesa Jay alijulikana nchi nzima kwa "Ndiyo Mzee", wimbo unaomcheka mwanasiasa mwenye ahadi za uongo. Kijana wa leo akitengeneza klipu ya namna hiyo akairusha WhatsApp, mkubwa akasema ametukanwa, nani ataamua kwamba ule ulikuwa utani? Na kabla hajafika kwa hakimu, simu yake imeshachukuliwa. Chini ya kifungu cha 31, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kutoa amri ya upekuzi yeye mwenyewe, bila kupita mahakamani kwanza.

Sasa geuzeni upande wa pili. Chukulieni binti wa Ulaya. Ulaya yetu ya Kilosa, siyo ile ya wazungu! Mwanaume waliyeachana anasambaza picha zake za faragha kwenye magrupu. Binti afanye nini? Kifungu cha 14 kinakataza kuchapisha ponografia, faini kuanzia milioni 20 au jela kuanzia miaka 7. Lakini sheria hii haina kosa linalotajwa waziwazi kwamba ni kusambaza picha ya faragha bila ridhaa ya mwenyewe. Ndiyo maana binti anajiuliza: nikienda kituoni nitakuwa mlalamikaji au mtuhumiwa? Wengi wanaamua kunyamaza. Aliyesambaza anaendelea kutembea mjini.

Au mkulima wa miwa wa Ruaha. Amelipwa leo, jioni inaingia meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Si tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho Januari 20, 2020? Tuliambiwa usajili utadhibiti uhalifu. Mbona meseji bado zinaingia?

Wasomi waliliona hili mapema. Profesa Alex Makulilo, aliyefundisha Chuo Kikuu Huria, aliandika mwaka 2011 kuukosoa usajili wa laini chini ya sheria ya mwaka 2010, kwa jicho la faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikaja 2022, na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Miaka yote hiyo mwananchi alitakiwa kutoa taarifa zake wakati hakuna sheria maalumu ya kuzilinda.

Msiseme haiwezekani kubadilisha. Kenya, mwaka 2016, Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria yao ya mawasiliano kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno. Uganda, Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta. Kesi hizo zilifunguliwa na wananchi.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kifungu cha 16 kifutwe au kibanwe kibaki kwenye madhara halisi. Kuvujisha picha za mtu bila ridhaa liwe kosa linalojitegemea, na aliyevujishiwa alindwe. Simu ya mtu isipekuliwe bila amri ya mahakama.

Na wakati tunadai, fanyeni haya. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usiyoijua, kaikane. Meseji ya utapeli, ripoti kwenda 15040. Ukidhalilishwa, usifute kitu kwa hasira: piga skrinishoti, andika namba na tarehe, nenda Dawati la Jinsia na mtu unayemwamini, na usiondoke bila RB. Kipo kifungu cha 23 cha unyanyasaji wa mtandaoni, kitaje.

La mwisho, na hili ni letu sisi. Kijana wa upinzani anayemtukana mama mgombea wa CCM kwa umbo lake, au anayesambaza picha zake, anafanya uonevu uleule tunaoupinga. Hatuwezi kudai sheria ya kumlinda binti wa Ulaya halafu usiku tukamdhalilisha binti wa mwenzetu kwa sababu kavaa kijani.

 Sasa niulizeni maswali.