Wachezaji Wetu na Karatasi Zao

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, jioni baada ya mechi kati ya wazee na wanafunzi wa sasa)



Kwanza nawapongeza vijana kwa mabao manne mliyotufunga leo. Mlinda mlango wetu amenituma niseme kwamba lile la tatu lilikuwa la kuotea. Nimefikisha salamu, sasa niingie katika kazi niliyopewa.

Halmashauri imeniomba nizungumze juu ya usajili na uhamisho wa wachezaji wa kandanda. Nadhani wamenichagua kwa kuwa nimekuwa katibu wa timu ya mtaani kule Ujiji kwa miaka mingi, na kazi ya katibu si kupiga mpira, ni kutunza makaratasi. Lakini iko sababu nyingine, nanyi nyote mnaijua. Mwaka huu wamekuja wageni hapa shuleni kuwaulizia vijana wawili wa kidato cha tatu. Wamekuja na viatu vipya na karatasi ya kutia sahihi. Jambo hilo limezungumzwa sana mabwenini, na kila mtu ana lake. Ndiyo maana niko mbele yenu.

Ndugu zangu, hakuna mtu wa Kigoma asiyejua kujadili usajili. Kaeni barazani Ujiji wakati wa kahawa, au nendeni Kibirizi asubuhi mitumbwi ya dagaa inapopakua, mtasikia habari za nani anakwenda Simba, nani anaachwa Yanga, kocha gani afukuzwe na kiongozi gani amekula fedha. Muuza migebuka anaweza kukutajia mkataba wa mshambuliaji wa Dar es Salaam unakwisha mwezi gani, na mkataba wa kibanda chake mwenyewe hajui umekwisha lini. Tarehe 25 Julai 2021 mji huu ulipopokea fainali ya Kombe la Shirikisho baina ya watani hao wawili, nyumba za wageni zilijaa, watu wakalala kwa ndugu na ndugu wa ndugu. Yanga walibaki kumi karibu na mapumziko baada ya Mukoko Tonombe kutolewa kwa kadi nyekundu, na Thadeo Lwanga akaifungia Simba bao pekee katika kipindi cha pili. Mkongo ametolewa, Mganda amefunga, na sisi wenye uwanja wa Lake Tanganyika tuligombana kwa ajili yao mpaka alfajiri. Nilikuwamo. Sisemi nilikuwa upande gani, maana Mkuu wa Shule ni wa upande wa pili.

Sikatai mjadala wa namna ile. Ni raha, na raha si dhambi. Ila nimeona kwamba mjadala wetu aghalabu huanzia pale mchezaji anapokuwa tayari amefika Dar es Salaam. Huko alikotoka hatukuzungumzii. Alipita mikononi mwa nani, alitia sahihi kitu gani na akiwa na umri gani, na nani alibaki na nakala, hayo hakuna anayeyauliza. Ni kama dagaa wetu: usiku wa giza taa zinawashwa ziwani, dagaa wanaifuata nuru, na asubuhi watu wanazungumzia bei tu.

Chukueni mfano wa Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma. Mwaka 2003, akiwa bado kijana wa miaka 18, alikuwa langoni Simba ilipowatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti kulekule Cairo. Baadaye akaenda Yanga, akarudi Simba, akaenda tena Yanga mwaka 2013. Desemba ya mwaka huohuo Simba wakaifunga Yanga 3-1 yeye akiwa langoni, na maneno aliyotupiwa mnayakumbuka. Waliomshangilia jana walimwita msaliti leo. Lakini Septemba 2019, akiwa na miaka 34, alisimama langoni Taifa Stars ilipowatoa majirani zetu wa Burundi kwa penalti katika mchujo wa Kombe la Dunia, na nchi nzima ikamwita shujaa. Siku ile kule Mwanga niliona watu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa ajili yake wakikumbatiana.

Kwa nini mtu kama yule alidumu muda mrefu hivyo? Kipaji, naam. Nidhamu pia. Lakini mwelewe kwamba katika safari zote zile za kwenda na kurudi, uhamisho ulikuwa jambo la mkataba kumalizika na mkataba mwingine kuanza. Shabiki huona usaliti pale ambapo katibu huona tarehe. Mkataba ukiisha, mchezaji ni huru. Ukiwa bado, hayuko huru, hata kama moyo wake umeshahama.

Hilo la mwisho tulilishuhudia kwa Feisal Salum, naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu vijana wengi mlikuwa upande wake na mimi nataka mwone ugumu ulikuwa wapi. Desemba 2022 Feisal aliiandikia Yanga kwamba anavunja mkataba. Aliweka katika akaunti ya klabu shilingi milioni 112, yaani milioni 100 pamoja na mishahara ya miezi mitatu, akiamini kwamba mkataba wake unamruhusu kuondoka kwa kulipa hivyo. Yanga wakakataa. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba uamuzi upitiwe upya, hakufanikiwa. Ikafika mahali akawaomba wapenzi wa soka wamchangie fedha za kwenda mahakama ya michezo ya kimataifa, CAS. Juni 2023, Yanga walipoalikwa Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan akawataka walimalize jambo hilo, na baada ya siku chache likamalizika, Feisal akaenda Azam.

Sasa barazani tulibishana kama ana shukrani au hana. Mimi nilikuwa nauliza swali moja tu: siku alipotia sahihi, alikuwa amekaa na nani aliyemsomea kila kifungu? Kijana wa Unguja aliyekuwa kipenzi cha mamilioni ya watu alikaa nusu msimu bila kucheza kwa sababu yeye na klabu yake waliusoma mkataba mmoja kwa namna mbili. Je, huyu wetu wa kidato cha tatu, ambaye karatasi yake imeletwa ndani ya boksi la viatu? Na msitegemee kwamba kila mtu mambo yake yatafika Ikulu.

Klabu nazo huumia. Mwaka 2013 Simba walimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Kuuza ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Simba walifuatilia fedha zile kwa muda mrefu, na mchezaji mwenyewe, kabla mwaka haujaisha, alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Kama klabu kubwa yenye wanasheria ilisumbuka hivyo, timu yangu ya Ujiji yenye daftari moja na muhuri mmoja itafanyaje?

Nitawaeleza ilivyofanya. Tulikuwa na kijana winga wa kushoto, tuliyemlea tangu ana miaka 12. Mama yake alikuwa akikaanga samaki Kibirizi. Akiwa na miaka 16 alikuja mtu kutoka klabu moja ya mjini, ambayo sitaitaja, akampa mama yake fedha za gunia mbili za mchele, na kijana akapanda treni. Alitia sahihi karatasi ya miaka mitano. Sheria ya FIFA inasema aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba unaozidi miaka mitatu, lakini nani angemwambia? Msimu wa pili akaumia goti. Akarudi kwa treni ileile, amevaa suruali ya mazoezi ya klabu. Tulipoandika barua kudai haki ya matibabu yake, tulijibiwa kwamba jina lake halimo katika kumbukumbu zao. Leo anaendesha bodaboda kati ya Mwandiga na mjini. Mpira anautazama, hauzungumzii.

Sasa sikilizeni habari ya fedha, hasa wazee mnaosema kwamba mpira ni mchezo wa watoto. Tangu mwaka 2001 FIFA ina utaratibu kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu aliotimiza miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una robo ya asilimia moja. Kila msimu kuanzia 16 una nusu asilimia. Kijana akikaa nanyi tangu miaka 14 hadi 17, mnapata asilimia moja na nusu. Kwa bei ile ya Okwi, dola 300,000, hiyo ni dola 4,500. Hesabuni wenyewe ni mipira mingapi, jezi ngapi, na nyavu ngapi za magoli yetu, ambayo leo mlinda mlango wetu alilazimika kuufuata mpira mpaka kwenye shamba la mihogo.

Na bei za leo mnazisikia. Mbwana Samatta alitoka Simba mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, huko Kongo, kisha Genk ya Ubelgiji Januari 2016, kisha Aston Villa Januari 2020. Fiston Mayele alikuja Yanga kutoka AS Vita ya Kinshasa mwaka 2021, na mwaka 2023 akaenda Pyramids ya Misri. Kila safari ya namna hiyo ina watu wa mwanzo, wale walioshona mpira ulipopasuka. Lakini fungu hilo haliendi kwa aliyesema “nilimlea mimi.” Linakwenda kwa klabu iliyosajiliwa na chama cha mpira, na ambayo mchezaji ameandikwa kwake msimu kwa msimu. Shule si klabu. Timu ya mtaani isiyosajiliwa si klabu. Jina lililoandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya daftari la Jiografia si usajili.

Niongeze jambo moja linalotuhusu sisi watu wa mpakani. Uhamisho wa kimataifa kwa aliye chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa katika hali chache. Hali mojawapo ni ya anayekaa si zaidi ya kilometa 50 kutoka mpakani, klabu nayo iwe ndani ya kilometa 50 upande wa pili, naye aendelee kuishi kwao, na vyama vya nchi zote mbili vikubali. Kwa hiyo kijana wa Manyovu anayecheza jirani upande wa Burundi aulizie kwanza. Anayeambiwa avuke ziwa usiku akaanze maisha Kongo na miaka 15, huyo anachukuliwa tu, hasajiliwi.

Kuna ndugu yangu mmoja hapa aliniambia mchana: Bwana Katibu, wewe unataka kuwafunga vijana, na umaskini hauwezi kungoja karatasi. Namheshimu, na hoja yake ina uzito. Mama wa yule winga alikuwa na njaa ya kweli, na sisi timu hatukuwa na mchele wa kumpa. Simwambii kijana akatae nafasi. Namna za kucheza ukiwa hapahapa zimeongezeka pia: Mashujaa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 kwa kuitoa Mbeya City katika mchujo, na Aprili 2024 ikaitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa penalti, katika uwanja wetu. Lakini hata anayetaka kwenda Dar es Salaam na aende. Ninachokitaka ni kwamba akienda, nakala moja ibaki kwa mzazi, nyingine ibaki kwetu, na umri wake uwe ule wa cheti cha kuzaliwa. Miaka ya mpira, kama mnavyoiita, itawanyima haki siku mtakapoihitaji, kwa kuwa hesabu yote niliyowatajia huanza na tarehe ya kuzaliwa.

Halmashauri imekubali mambo mawili. Vijana wanaocheza timu ya shule wataandikishwa katika timu ya mtaani iliyosajiliwa, kwa ridhaa ya wazazi wao, na ada ya msimu huu italipwa na chama chetu cha wanafunzi wa zamani. Fomu ninazo kwenye mfuko huu. Pili, mwenzetu mmoja aliyesoma hapa, ambaye sasa ni wakili, atasoma bila malipo mkataba wowote utakaoletwa kwa mwanafunzi.

Kuhusu wale vijana wawili: wazazi wao wamefika jioni hii, nimewaona wamekaa pale nyuma. Wageni wamesema wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Jumatatu saa kumi tutakutana ofisini kwa Mkuu wa Shule na karatasi ile, wakili akiwapo. Viatu wanaweza kuendelea kuvivaa.

Mwenye swali juu ya mikataba aulize sasa. Mwenye swali la nani atafungwa Jumamosi anisubiri nje, kwenye kahawa.