MSUMENO MKONGWE SI CHUMA CHAKAVU

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya wanaushirika, Mwenge)



Mbele yetu kuna hoja. Hoja inasema ile misumeno ya moto iliyoko ghalani iuzwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo, na hela tugawane. Mimi nasema hapana. Nitatoa sababu moja moja, halafu mkutano ndio utaamua.

Kwanza, tujue tunauza nini. Mashine hii haikuanza jana. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme. Ulikuwa na kilo 48, na ulishikwa na watu wawili. Mwaka 1929 akatoa wa petroli. Kisha mwaka 1947 Mmarekani mmoja mkata magogo, Joseph Cox, akaanza kuuza mnyororo wa meno ya namna tunayotumia hadi leo. Akili hiyo aliipata kwa funza wa kwenye gogo! Alimtazama jinsi taya zake zinavyotafuna mti kushoto na kulia, akaiga. Mwaka 1959 ikaja Stihl Contra, mashine yenye nguvu ya kushikwa na mtu mmoja. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaozikusanya hizi za zamani, wanazisafisha na kuziwasha kwa fahari. Sisi hapa tunataka kuzipima kwa kilo pamoja na mabati.

Pili, mashine yetu kubwa ni 070. Mwili wake ni wa metali, siyo plastiki. Injini peke yake inapita kilo 10, bila ubapa wala mnyororo. Ni nzito, kweli, na inakula petroli. Lakini gogo la mpingo siyo mgomba. Mpingo ukiutia majini unazama, na unamaliza meno ya msumeno upesi. Mashine ndogo za bei rahisi ukizitia kwenye kisiki cha mpingo kutwa nzima, zinachemka na kufa. Tena 070 inafunguka kwa spana za kawaida, na vipuri vyake, halisi na vya kuiga, bado vinapatikana mjini.

Tatu, wengine wanauliza: mbona mbili hazinguruma? Jamani, mashine iliyokufa siyo takataka. Mashine mbili zilizokufa huzaa moja iliyo hai. Hii silinda yake imekwaruzika lakini kabureta ni nzima. Ile kabureta imekufa lakini silinda inang'aa. Kwa hiyo tukusanye, tusitawanye. Kila kipuri kiwe kwenye boksi lake, juu kiandikwe jina na kimetoka mashine ipi.

Sasa tuseme zinakufa kwa nini. Injini hii haina oili ndani yake kama ya gari. Oili yake inakuja na petroli. Ukiweka petroli tupu, pistoni inakula silinda. Hapo kamba itavutika lakini haitakuwaka. Kipimo cha mashine kongwe kwa oili ya kawaida ya injini za namna hii ni sehemu 25 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Hebu tupige hesabu: lita 5 ni mililita 5,000, gawa kwa 25, unapata mililita 200. Basi! Hesabu hii ni ya darasa la watu wazima, haihitaji injinia. Lakini lazima kuwe na chombo chenye alama, siyo kukadiria kwa jicho.

Mchanganyiko usikae miezi ndani ya tangi. Petroli inachacha, inaacha utandu, na kile kiwambo cha mpira kwenye kabureta kinakauka. Mashine inayokwenda kulala imwagwe tangi, kisha iwashwe mpaka izime yenyewe.

Kujua kama silinda ina pumzi, zima swichi, acha plagi mahali pake, inyanyue mashine kwa mpini wa kamba. Ikishuka polepole kwa kushtukashtuka, pumzi ipo. Ikianguka mara moja, ringi zimekwisha. Plagi isafishwe, mwanya wake uwe nusu milimita. Chujio la hewa lipigwe vumbi kila siku, maana vumbi la mpingo ni jembamba kama unga.

Mnyororo butu unatoa unga. Mnyororo mkali unatoa vipande. Ukiona unga, simama, chukua tupa ya duara. Kila jino lipigwe idadi sawa ya tupa, kushoto na kulia. Ukizidisha upande mmoja, msumeno utakata kwa kupinda na gogo la kinyago cha ujamaa litaharibika.

Nne, na hili ndilo zito. Mashine nyingi za zamani hazina breki ya mnyororo. Ncha ya juu ya ubapa ikigusa mti, msumeno unarusha teke kuelekea usoni, haraka kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Mkono wa mchongaji ndio shamba lake. Mkono ukienda, tezo na patasi zitashikwa na nani? Kwa hiyo asiyefundishwa asishike. Kandambili marufuku. Miwani, viatu vigumu na vizibo vya masikio ni lazima.

Tano, msumeno usitutie aibu. Mpingo unahitaji miaka 70 na zaidi mpaka ukomae. Tangu mwaka 2017 biashara yake nje ya nchi inasimamiwa na mkataba wa mataifa wa CITES. Mwaka 1980 redioni kulikuwa na kampeni ya Misitu ni Mali, na jina lile bado ni somo. Kule Kilwa viko vijiji vinavyolinda misitu yao wenyewe, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji mzuri. Sisi tupasue gogo lenye kibali na hati ya kusafirishia tu. Gogo la usiku lisiguse msumeno wa ushirika.

Ndugu wanaushirika, naomba mkutano ukubali mambo manne:

1. Misumeno isiuzwe. Mibovu iwe ghala la vipuri.
2. Liwepo daftari: nani kachukua, saa ngapi, petroli kiasi gani, gogo la nani na hati yake.
3. Wachaguliwe vijana wawili wafundishwe kuendesha na kutengeneza.
4. Kila mwanachama anayepasuliwa gogo achangie kidogo mfuko wa vipuri.

Hela ya chuma chakavu tutaila kwa wiki moja. Kisha kila gogo tutakodi msumeno wa mtu, kwa bei anayotaka yeye.

Kupanga ni kuchagua. Chagueni.

Udumu ushirika wetu.

Katibu wa Tawi
Mwenge