Zebaki Uani: Kemia ya Dhahabu Mpakani



Sisi wanakemia tumezoea kudhani kwamba elementi hutenganishwa maabarani tu. Hapa Busia, upande wa Uganda, elementi namba 79, yaani dhahabu, hutenganishwa na mawe uani, kwa kinu cha chuma, karai, kitambaa na sigiri. Hiyo ni kemia kamili, na wapo kati yenu wachimbaji wanaoijua kwa mikono kuliko wanafunzi wangu wanavyoijua kwa daftari.

Miamba yenyewe haitambui mpaka. Ukanda wa mawe haya ya kale huvuka hadi Kenya, na ulipatikana kuwa na dhahabu Kakamega mwaka 1931. Walowezi wakamiminika, na sheria iliyokuwa imewaahidi Waafrika ulinzi wa ardhi yao ikarekebishwa mwaka uliofuata ili wachimbaji wapishwe. Hilo linastahili mhadhara wake. Leo tubaki na karai.

Mawe yakishatwangwa, dhahabu hukaa katika unga wa jiwe jeupe, pamoja na madini ya chuma na salfa yanayong'aa na kuwahadaa wageni. Lita moja ya dhahabu ina uzito wa kilo 19.3; ya jiwe jeupe haifiki hata kilo 2.7. Ndiyo maana mama anayezungusha karai majini huona vyepesi vikimwagika na vizito vikibaki chini. Kufikia hapo hakuna kemia yoyote, ni uzito tu na ustadi wa kiwiko. Nasema waziwazi kwamba hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote.

Shida ni dhahabu laini kama vumbi, inayoponyoka na maji. Hapo zebaki inaingia. Hushikana na dhahabu na kuliacha jiwe. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, na kinachobaki ni donge la rangi ya fedha, ambalo mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Likiwekwa kwenye sigiri, zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Zebaki inaruka, dhahabu inabaki.

Inaruka kwenda wapi? Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Anayeuvuta, mapafu yake hupokea karibu asilimia 80 ya zebaki iliyomo, kisha huenda kwenye ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea. Na sigiri iliyochoma donge asubuhi ndiyo inayopika posho jioni, watoto wakiwa wamekaa kando. Kiasi kinachoanguka mtoni hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya ndani ya samaki. Janga la Minamata, Japani, lililotangazwa mwaka 1956, lilitokana na sumu ya namna hiyo, ingawa kule ilitoka kiwandani.

Njia nyingine ipo. Boraksi, unga mweupe wa bei nafuu, ukichanganywa na mabaki mazito ya karai na kuchomwa kwa makaa yenye mvukuto, huyafanya madini mengine yayeyuke kwenye joto la chini zaidi na kuwa kama kioo, na dhahabu huzama chini yake ikawa punje. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wameitumia kwa miongo kadhaa, na wapo wa Busia waliofundishwa. Lakini boraksi haisamehe uzembe: mabaki yasipooshwa vizuri, inashindwa. Zebaki imependwa kwa sababu inamsamehe aliyeosha vibaya, ingawa nayo huacha dhahabu nyingi kwenye mchanga unaotupwa.

Tunapenda kusema wachimbaji hawajui hatari. Wengi wanaijua. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2019, Kenya mwaka 2023, lakini chupa ya soda ya nusu lita ikijazwa zebaki ina takriban kilo 6.8, mzigo ambao mtu wa bodaboda huuvusha bila kuinama. Zaidi ya hayo, mara nyingi anayenunua dhahabu ndiye anayeleta zebaki, na huitoa kwa mkopo ili dhahabu irudi kwake kwa bei anayoitaka. Mama asiye na fedha ya akiba hana sababu ya kwenda kutafuta boraksi kwa pesa taslimu wakati zebaki inamfuata nyumbani.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyama vya wachimbaji na kwa halmashauri si semina nyingine. Nunueni boraksi kwa magunia, ikopesheni palepale penye kinu, na mlipwe siku dhahabu inapouzwa. Kisha tukutane kwenye maji, tushindane kuosha.